Kiapo cha Jukwaani

Sehemu ya sita

Viatu vile havikuwa vyake.

Vilikuwa viatu vya mwanamume, vya ngozi, vikubwa, vimejaa vumbi la safari ya mbali, na vilikuwa vimepangwa vizuri mlangoni kwa Siyad kana kwamba mwenyewe amekuja kukaa. Hapo ndipo tulipomwacha wiki iliyopita, asubuhi ya Jumapili, mkono kwenye kitasa, skafu ya Daraja United bado shingoni, hajaoga wala hajala tangu jana.

Kama ulikosa gazeti, usihangaike. Mambo yenyewe ni mafupi na mabaya. Daraja United wa Garissa walicheza fainali ya kombe la kanda Jumamosi, nyumbani kwao, mbele ya watu wao, na wakafungwa na Mpakani Stars wa Elwak. Siyad ameishabikia Daraja tangu akiwa na meno ya utoto. Nahodha alipoigonga penalti ya dakika ya mwisho kwenye mwamba, wanaume wazima walilia. Siyad hakulia. Mwili wake ulipoa wote, kwa sababu muda mfupi kabla ya hapo, jukwaa zima likimsikia, alikuwa ametamka kwa kinywa chake mwenyewe: Daraja wakikosa kombe hili, mke wangu ameachwa.

Na mkewe, Ramla, alikuwa ameshaachwa mara mbili na kurejewa mara mbili. Ya tatu haina kurejea.

Utauliza, mtu mwenye akili zake anaapaje hivyo kwa ajili ya mpira? Siyad ni dalali wa mbuzi. Nenda soko la mifugo uwasikilize wenyewe. Wapo madalali wanaoapa kwa talaka kama wengine wanavyokohoa. Mke wangu ameachwa kama beberu huyu ana kasoro. Mnunuzi anaamini, mbuzi anauzwa, na mke yuko nyumbani anapika, hana habari kwamba ndoa yake imetumika kunogesha biashara. Talaka ya pili ya Ramla ilitoka hivyo hivyo, kwa hukumu ya sheikh mwingine, asiyeuliza mtu alikusudia nini. Beberu alikuwa na jicho moja bovu.

Siku ile Siyad aliahidi kuuchunga ulimi wake. Aliuchunga sokoni. Hakukumbuka kuuchunga uwanjani.

Basi Jumamosi hakurudi nyumbani. Alizima simu, akajilaza kwenye ghala la rafiki yake kati ya magunia ya chumvi, na sasa alikuwa amesimama mbele ya mlango wake, anavitazama viatu vya watu. Ndani alisikia sauti nzito ya kiume. Halafu akasikia jambo ambalo hakulitegemea. Alimsikia Ramla anacheka.

Akafungua.

"Huyu hapa maiti wetu," alisema Gelle. "Seedi, nilidhani umejitupa mtoni."

Gelle ni kaka mkubwa wa Ramla. Seedi ni shemeji, na Gelle alipenda kulitamka neno hilo kwa kulivuta, hasa akiwa na utani. Alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, kikombe cha chai ya maziwa mkononi. Alikuja na lori la mashabiki kutoka Elwak kuja kuitazama Mpakani Stars, na sauti ilikuwa imemkauka kwa kuimba.

"Ulilala wapi?" Ramla aliuliza. "Nimekupigia mpaka simu yangu imeisha chaji."

"Kwa watu wa soko. Tulikuwa na matanga."

"Ya nani?"

"Ya Daraja."

Gelle alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye kikoi chake. Ramla naye alitabasamu, akaenda kumletea mumewe maji ya kunawa. Siyad aliyamwaga mikononi taratibu, macho yake yakihama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Hawajui, alijiambia. Wallahi hawajui.

Aliivua skafu kwa furaha. Aliketi.

"Mama amekuletea nyirinyiri," Gelle alisema, akisukuma kopo mbele yake. "Nyama ya ngamia yule mweusi. Amekaanga mwenyewe, samli yake mwenyewe. Anasema ule, kwa sababu Daraja hawatakulisha."

"Mama anaendeleaje?"

"Mguu bado unamsumbua, lakini ulimi uko salama. Ametaka Ramla aje amwone. Ndiyo maana sikurudi na lori. Nimekodi gari la rafiki, kesho tunaondoka naye, wiki mbili namrudisha. Kama wewe unakubali."

"Nakubali," Siyad alisema haraka. Siku hiyo angekubali hata kuhamia Elwak.

Ramla aliweka anjera moto mbele yao. Siyad alikula kwa njaa ya siku mbili, na katikati ya kula, bila kukusudia, akaanza kubishana na shemeji yake kuhusu penalti.

"Kipa wenu alitoka kwenye mstari kabla mpira haujapigwa," alisema.

"Aliyegonga mwamba ni nahodha wenu. Kipa wetu anahusikaje na mwamba?"

"Alimtisha. Mpigaji akiona kipa anasogea, mguu unapotea."

"Seedi, kunywa chai. Mmeshindwa."

Neno hilo liliuma. Liliuma palepale lilipouma jana, chini ya mbavu, mahali ambapo daktari hana dawa ya kufikia. Lakini yalikuwa ni maumivu ya mtu aliyefungwa mpira tu, maumivu ya kawaida ambayo maelfu ya watu wa Garissa waliamka nayo asubuhi ile, na Siyad aliyashukuru. Kwa muda mfupi alikuwa shabiki tu, anakula kwake, anabishana na shemeji yake.

Simu ya Gelle ikalia.

"Tuone mabao," Gelle alisema, akaifuta mikono. "Kundi letu la Elwak halilali. Jana peke yake wametuma video mpaka simu imejaa."

Akaibonyeza.

Kelele za uwanja zikajaa chumbani. Vuvuzela, filimbi, mtu anauza maji. Kisha sauti ya mwanamume aliyetulia ikasema: "Kama una uhakika hivyo, apa." Na baada yake ikaja sauti nyingine, ya juu, yenye hasira, ambayo kila mtu mle ndani aliijua.

"Daraja wakikosa kombe hili, mke wangu ameachwa. Nyote mashahidi."

Gelle aliacha kutafuna.

Ramla alikuwa anamimina chai. Aliendelea kuimimina mpaka kikombe kikajaa sawasawa, akaifunga chupa, akakikaza kifuniko. "Rudisha nyuma," alisema.

"Abaayo, dada yangu, acha."

"Rudisha nyuma, Gelle."

Gelle akarudisha. Ramla alisikiliza mara ya pili ameinamisha kichwa, kama anayesikiliza taarifa ya msiba redioni. 

Ramla hakumpigia kelele. Alifanya jambo moja dogo, na hilo lilimwumiza Siyad kuliko matusi yoyote. Alilivuta shungi lake kutoka mabegani, akafunika nywele zake, akalibana chini ya kidevu. Alijifunika mbele ya mumewe kama anavyojifunika akibishiwa hodi na mwanamume wa kando.

"Funga vitu vyako," Gelle alimwambia dada yake. Sauti ya utani ilikuwa imekwisha. "Hatungoji kesho."

"Siondoki kwa sababu ya simu," Ramla alijibu. "Kama nimeachwa, nitaambiwa na mtu mwenye elimu. Twende kwa Sheikh Duale."

"Ramla," Siyad alisema.

"Usinisemeshe. Sijui kama inafaa unisemeshe."

Walikwenda baada ya adhuhuri, kwa gari lile lililokodiwa kwa safari ya mama. Ramla alikaa nyuma, Siyad mbele karibu na Gelle. Barabarani vijana waliovaa fulana za Daraja walikuwa wameketi kwenye kivuli cha maduka yaliyofungwa, vichwa chini. Mmoja alimtambua Siyad kupitia dirishani. Akamgusa mwenzake, wakatazama gari wote wawili mpaka likapinda kona.

Msomaji, nitakuambia ukweli kuhusu Sheikh Duale. Ni mtu wa makamo, ana miwani ya bei rahisi na duksi ya watoto wanaojifunza Kurani nyuma ya nyumba yake, na yeye pia ni mtu wa Daraja. Jana alikuwa uwanjani, amejibanza upande wa kivuli. Alipowafungulia, macho yake yalikuwa mekundu kama ya wengine.

"Ingieni," alisema. "Nimeshaiona hiyo video. Nani hajaiona? Na mwingine ametangulia."

Aliyetangulia alikuwa ameketi ukutani, fimbo yake nyembamba magotini, kofia yake nyeupe imenyooka. Siyad alipomwona alisita mlangoni.

Alikuwa Abdinoor. Mwenye malori. Mtu yule ambaye sauti yake ilisema "apa" kwenye video. Na kabla ya hayo yote, miaka ile Ramla alipokuwa bado kwa baba yake, ndiye aliyepeleka posa ya kwanza. Posa ikarudishwa kwa heshima, na ya dalali wa mbuzi ikapokewa, kwa sababu Ramla mwenyewe alisema anamtaka huyo. Abdinoor hakununa. Alikuja harusini, akatoa ngamia.

"Nani amekuita?" Siyad alimwuliza.

"Sikuitwa," Abdinoor alijibu. "Mimi nilikuchokoza, sikatai. Jambo likifika huku, ni haki nije niseme nilichokisikia. Kunyamaza ndiyo kungekuwa vibaya."

Ramla aliingia upande wa pili wa pazia, akapokewa na mke wa sheikh. Pazia likatulia. Wanaume wakaketi.

"Sema," sheikh alimwambia Abdinoor.

"Alikuwa anasema Daraja hawafungwi. Nikamwambia, kama una uhakika, apa. Akaapa kwa talaka. Nikashtuka. Nikamwuliza, warya, we bwana, unatania? Akaniambia, sitanii."

"Hilo la mwisho liko kwenye video?"

"Haliko. Aliyekuwa anarekodi alikuwa ameshageuza simu uwanjani. Lakini nitaliapia."

Gelle alipiga mkeka kwa kiganja. "Basi yameisha. Tunangoja nini?"

"Tunangoja mimi niseme," Sheikh Duale alijibu taratibu. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shuka. "Sikilizeni. Wanachuoni wamehitilafiana katika jambo hili. Wapo wanaosema neno likitoka limetoka, na sharti likitimia mke ameondoka. Wapo wanaouliza nia. Mimi hapa nawafuata wanaouliza nia. Mtu akisema vile kwa kutia nguvu maneno yake tu, hicho ni kiapo kibaya, atatoa kafara, atalisha maskini kumi, na mkewe ni mkewe. Lakini kama moyoni mwake alikusudia kweli, kwamba wakishindwa na aende, basi mpira ulipogonga mwamba jana, ndoa ilikwisha palepale."

"Na hiyo ni ya tatu," Gelle alisema.

"Ni ya tatu. Hatamrudia mpaka aolewe na mwanamume mwingine, ndoa ya kweli, si ya mpango, na huyo naye amwache kwa hiari yake au afe."

Abdinoor alikuwa anatazama fimbo yake.

"Sasa nia haimo kwenye simu," sheikh aliendelea. "Hata Abdinoor haijui. Anaijua Mungu na anaijua Siyad." Akainuka, akachukua Musahafu kutoka kwenye rafu, akauweka juu ya mto mbele ya Siyad. "Wewe dalali. Nimekuonya kuhusu mdomo wako, na leo nakuambia tena mbele ya hawa. Kitabu hiki si mbuzi. Ukidanganya hapa, Sheikh Duale hatakuwa na dhambi, na mke wako hatakuwa na dhambi. Itakuwa yako peke yako, kila siku utakayolala naye. Ulikusudia nini?"

Siyad aliutazama ule mto. Jibu alikuwa nalo, na jibu lilimtisha.

Jumamosi asubuhi, kabla ya fainali, yeye na Ramla waligombana. Ramla alimwomba waende wote Elwak wakamwone mama. Siyad akasema baada ya fainali. Ramla akasema fainali na mama mgonjwa havilingani. Siyad akasema ni siku moja tu, amengoja siku hii maisha yake yote. Ndipo Ramla akamwambia, bila hasira, kama anayemweleza mtoto, kwamba wale wachezaji anaowalilia hawalijui hata jina lake.

Alitoka nyumbani na maneno hayo yamemkwama kooni. Yalikuwa bado yamekwama pale jukwaani, Daraja wakiwa nyuma kwa bao moja, miguu ya wachezaji imekuwa mizito, na kila mtu mwenye macho anaona mambo yanaharibika. Abdinoor aliposema "apa," Siyad aliiona sura ya Ramla. Na kwa kitambo kile kifupi, alitaka. Alitaka kwamba Daraja wakipotea, basi vyote vipotee pamoja, asibaki na kitu cha kurudi kukitazama. Ilikuwa nia. Haikudumu. Ilipita kabla filimbi haijalia, lakini ilikuwa nia, na hakuna mtu duniani aliyeijua ila yeye.

Pazia halikutikisika. Nyuma yake mwanamke mmoja alikuwa anangoja kuambiwa kama ana mume.

Akisema kweli, leo hii Ramla atapanda gari kwenda Elwak na hatarudi. Eda itakwisha, na mwenye malori anajua njia ya Elwak vizuri kuliko yeyote. Siyad aliuona mkono wake mwenyewe ukinyooka. Kiganja kikatua juu ya Kitabu.

"Wallahi," alisema. "Sikukusudia kumwacha. Nilitaka tu kuitia nguvu Daraja."

Sauti ilitoka safi. Miaka yote ya soko ilikuwa ndani yake.

Sheikh Duale aliurudisha Musahafu kwenye rafu. Kisha akashusha pumzi. "Basi ndoa ipo. Lisha maskini kumi kabla ya Ijumaa. Na siku nyingine ukiapa kwa talaka, usinijie."

Nyuma ya pazia Ramla alilia. Halikuwa jambo la kuficha. Alilia kwa sauti, akisema alhamdulillahi, alhamdulillahi, na mke wa sheikh akicheka na kumpigapiga mgongoni. Gelle alimshika Siyad shingoni kwa mkono wake mzito, akamtikisa. "Mjinga wewe, seedi. Ningekuua. Wallahi nilikuwa natafuta mahali pa kukuzika."

Siyad alitabasamu. Alipaswa kufurahi. Badala yake alihisi hofu ambayo hakuwahi kuijua, na kiganja alichokiweka juu ya Kitabu alikifuta kwenye suruali mara mbili, halafu akakificha mfukoni.

Nje jua lilikuwa kali. Ramla na Gelle walitangulia kwenye gari. Siyad alikuwa anavaa viatu mlangoni alipohisi mtu amechuchumaa karibu naye, anatafuta vyake.

"Unaapa vizuri," Abdinoor alisema. Hakuinua macho.

"Umekwisha sema uliyoyasikia. Niache."

"Sikusema yote."

Siyad alisimamisha mkono kwenye kamba ya kiatu.

"Baada ya kuniambia hutanii," Abdinoor alisema polepole, akipangusa vumbi kwenye ndara zake, "ulinigeuzia mgongo, ukauangalia uwanja. Ukasema kitu peke yako. Labda ulidhani ulikisema moyoni. Mimi nilikuwa begani kwako."

"Sikusema kitu."

"Ulisema, na aende, nimechoka naye."

Siyad alitaka kukataa. Kisha maneno yakamrudia, yote, na joto la midomo yake wakati yalipotoka. Alikuwa ameyasahau. Sasa aliyasikia kama anasemewa sikioni.

"Kwa nini hukuyasema ndani?" aliuliza, na sauti yake ya soko haikuwepo tena.

"Nilikupa nafasi uyaseme wewe. Nikafikiri, mtu akishika Musahafu hawezi." Abdinoor alisimama, akainyoosha kofia yake. "Yule dada sasa anarudi kulala na mwanamume ambaye si mumewe, na hajui. Hilo siwezi kulibeba. Mwambie. Ukishindwa, nitamtafuta kaka yake."

"Unamtaka. Useme tu kwamba unamtaka."

"Namtaka," Abdinoor alijibu bila kuona haya. "Na maneno bado uliyasema."

Akaondoka kwa hatua za mtu asiye na haraka.

"Siyad," Ramla aliita kutoka kwenye gari.

Alikuwa ameufungua mlango wa nyuma. Amesogea upande mmoja, ameacha nafasi karibu naye, na uso wake ulikuwa bado umelowa. Shungi lilikuwa limerudi mabegani. Nywele zake zilionekana.

"Njoo twende nyumbani," alisema. "Kaa huku na mimi. Chakula chako hata hukumaliza."

Siyad alisimama pale juani. Kutoka mlangoni mpaka garini hapakuwa mbali, na neno lenyewe halikuwa refu. Alilifikisha mpaka kwenye meno. Ramla akamtabasamia, na neno likarudi lilikotoka.

Akaingia. Akafunga mlango. Ramla akaushika ule mkono wake wa kulia, akaupakata.

Gelle aliwasha gari, akaanza kuimba polepole wimbo wa Mpakani Stars. Hawajafika hata barabara kubwa, simu yake iliyowekwa mbele ya kioo ikaanza kutetemeka. Akalisoma jina.

"Abdinoor," alisema kwa mshangao. "Tumeachana naye sasa hivi. Huyu naye anataka nini tena?"

"Usipokee," Siyad alisema.

Ramla alimgeukia. Gelle alimtazama kwenye kioo, macho kwa macho, na wimbo ukakatika.

"Kwa nini nisipokee, seedi?"

Mikono yake ilikuwa kwenye usukani. Akanyoosha kidole kimoja, akaipokea, akaiweka kwenye spika.